Maua Niliyochuma Titye

Wale mlioniandikia kupitia gazeti hili kuuliza kama mke wangu amepona, subirini kidogo. Hata mimi ningependa kujua.

Kwa anayenikuta leo njiani: mimi ni Hilali, mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Pangani, niliyepangiwa Kibondo kufundisha hesabu kwenye baridi ya milimani. Nikaoa huko huko, binti wa Titye aitwaye Verediana, tukapata mtoto wa kike. Mwaka ule wa operesheni ya vijiji nikapelekwa Tabora kwenye kozi, na mke wangu akaenda na mtoto kwa mama yake, Titye.

Mtoto akashikwa na homa, akafa, akazikwa mimi sipo. Matanga hayajaondolewa, malori yakaja kuwahamishia watu kijiji kipya cha barabarani. Niliporudi kutoka Tabora, shemeji yangu Melkiadi aliniletea mke wangu mpaka Kibondo, akamkalisha kwenye kiti, akasema, "Ndiyo huyu." Tangu siku ile Verediana hakusema neno.

Wiki iliyopita niliishia kwa daktari. Alimpima kila mahali, akaniambia mwilini hana ugonjwa. Ila kama mpaka shule zinafungwa atakuwa vile vile, basi ataandika apelekwe Dodoma, hospitali ya wagonjwa wa akili. Nikarudi nyumbani nikamtazama, kakaa anaangalia mlango. Nikasema moyoni, huyu akipandishwa gari la Dodoma simpati tena.

Basi, haya ndiyo yaliyofuata.

Jirani yangu Odilia, mke wa mwalimu mwenzangu, alikuja kuomba moto akakuta ninamlisha Verediana uji kwa kijiko. Akaniambia kuna mama mkimbizi wa Burundi karibu na Kasulu, anaitwa Uwimana, anatibu huzuni kwa maji ya maua. Nikacheka. Mimi nimekua kwenye kombe na hirizi, waganga nawajua kuanzia wa kweli mpaka wa kuku mweusi. Odilia akasema nicheke tu, lakini nikishamaliza kucheka nipande lori.

Nikapanda lori, juu ya magunia ya maharage.

Nilitegemea kukuta tunguri na mikia ya nyumbu. Nikakuta rozari ukutani na mama mmoja safi, aproni imepigwa pasi. Zamani kwao Burundi alikuwa mpishi wa masista, na sista mmoja mzee ndiye aliyemfundisha kazi hiyo, kabla ya vita vya mwaka sabini na mbili kumkimbiza.

Akanieleza kwamba maua ya porini hayachemshwi wala hayapondwi. Yanalazwa juu ya maji ya chemchemi kwenye bakuli la kioo, juani, mpaka mchana. Ua linayaachia maji kile lilicho nacho, kisha lenyewe linatupwa. Maji yanatiwa asali na kitu kingine kidogo cha kuyafanya yasioze, ambacho kwa harufu yake kilikuwa gongo, nikajifanya sikusikia. Mgonjwa anadondoshewa matone chini ya ulimi asubuhi na jioni. Kuna ua la mwoga, kuna la mwenye hasira, kuna la mtu ambaye moyo umekwama kama gari kwenye tope.

Hakuniuliza mke wangu anaumwa nini. Aliniuliza anakaaje, na anaangalia wapi.

"Anaangalia mlango," nikamwambia.

Akatikisa kichwa. Akataja ua moja kwa Kirundi, jina ambalo ulimi wangu wa Pangani ulishindwa kulibeba, lakini ua lenyewe nalijua. Lina rangi ya chungwa, linapanda shina duara juu ya duara, na watoto wa huku hulinyonya utamu wake wakiwa wanatoka shule. Linapenda kuota kwenye mahame.

"Ni wewe utaenda kuchuma, mwalimu," akasema. "Mugonjwa ni wako, mukono uwe wako. Uende mapema, mbele ya nyuki. Uchume pale watu walihama. Lakini usichume pale mutu amelala chini."

Nikaitikia ndiyo, ndiyo, kama mwanafunzi anayengoja kengele.

Mahame hayakuwa shida mwaka ule. Buha nzima, nchi yote ya Waha, ilikuwa mahame. Nyumba zimebomolewa, migomba imebaki inajilea yenyewe. Lakini mimi ni mgeni, sura yangu si ya huku, nikikutwa alfajiri kwenye hame la mtu nachuma maua wataniita mchawi na sijui nitajitetea kwa Kiha gani. Hame nililolijua lilikuwa moja tu, la wakwe zangu Titye, ambako nilikalishwa siku ya posa nikapigiwa makofi ya salamu mpaka nikaona aibu. Tena nikajipongeza. Nikasema maua ya kwao yatamtibu upesi kuliko ya watu baki.

Nikaazima baiskeli, nikafika Titye jua halijachomoza.

Uani kwenyewe maua yalikuwa machache, shina hapa na shina pale. Ila upande wa juu, pale kilipokuwa kihenge cha nafaka, yalisongamana kama yamepandwa. Nilikumbuka neno la Uwimana, sikulipuuza, nataka mjue hivyo. Nilitafuta kaburi. Kwetu kaburi lina mashahidi, kichwani na miguuni, hata kipofu akipapasa anajua. Pale sikuona jiwe wala tuta. Nikachuma kila ua kwa kulishikia jani, kama Uwimana alivyonifundisha.

Nikiwa nimeinama nikasikia kopo linaburutwa nyuma ya migomba. Kopo la kamba, gari la mtoto. Linakwenda, linagonga jiwe, linakwenda tena.

Nikauliza nani. Likanyamaza.

Nikajiambia ni kanga wanaparura. Nikachuma mbio mbio, nikaondoka bila kugeuka.

Uwimana akayatengeneza maji siku ile ile, nikarudi Kibondo na ile baiskeli na chupa ndogo iliyowahi kuwa ya dawa ya macho. Siku za mwanzo hakuna kitu. Nikaanza kumtukana Odilia kimoyomoyo. Kisha asubuhi moja Verediana akaacha kuangalia mlango, akaniangalia mimi. Keshokutwa yake nikamkuta anafagia. Halafu jioni moja, nasahihisha madaftari, nikasikia sauti jikoni.

"Chumvi imekwisha."

Chumvi imekwisha! Jamani, mwanamume mzima nilikwenda nyuma ya choo nikalia kwa ajili ya chumvi.

Tangu hapo akafunguka. Anapika, anasuka nywele, anamtania Odilia, anakwenda sokoni peke yake. Daktari alipomwona akashangaa, akasema habari ya Dodoma ingoje kwanza. Walimu wenzangu wakaanza kuniita Mganga. Sikuwakataza. Nilikuwa nimerudishiwa mke wangu, hata wangeniita Mchawi ningeitika.

Odilia ndiye aliyenitia wasiwasi, na alifanya hivyo kwa upole, hakutaka kuniudhi. Aliniambia mke wangu kila siku sokoni ananunua maandazi mawili, moja la kawaida na moja dogo, na lile dogo analipoza kwa kulipulizia. Tena kuna saa za mchana anacheka ndani peke yake, kicheko cha mtu anayemtekenya mtu.

Nikamwambia mtu akishapona anacheka, ndiyo kupona kwenyewe.

Lakini siku ya pili nilitoka shule kabla ya wakati. Nilipofika barazani nikasikia kopo. Lilikuwa ndani ya nyumba yangu, juu ya sakafu yangu ya saruji, linaburutwa kutoka chumbani kwenda jikoni. Nikasukuma mlango.

Verediana alikuwa amekaa kwenye kigoda anamenya mihogo, peke yake. Alikuwa anatazama kwenye kona, anatabasamu. Aliponiona, tabasamu likabaki lakini likawa la adabu, lile la kumpokea mgeni aliyeingia watu wakiwa na mazungumzo yao.

"Umerudi mapema," akasema.

Nikamuuliza alikuwa na nani. Akasema nani tena, humu ndani kuna nani? Akaendelea kumenya. Kopo sikuliona mahali popote. Niliinama mpaka chini ya kitanda.

Wiki hiyo hiyo akaja Melkiadi na baiskeli yake, kaleta maharage. Alipomwona dada yake anamjia na maji ya kunawa, anaongea, karibu aangushe mzigo. Tulipobaki wawili akanishika mkono akanishukuru, akauliza ni dawa gani hiyo. Mimi nami, mnanijua, nikaanza kujisifu. Nikamweleza Uwimana, nikamweleza maua, nikamweleza nilivyopanda mlima wa Titye kwa baiskeli ya kuazima.

Akaweka kikombe chini.

"Shemeji, ulichuma wapi?"

"Kwenu. Hameni."

"Upande gani?"

"Wa juu. Kilipokuwa kihenge."

Nikadhani amekasirika kwa mimi kuingia kwao bila hodi.

"Mtoto yuko pale," akasema.

Akanieleza taratibu, kama anayemweleza mtoto. Wao huzika nyumbani, mtu abaki na watu wake, na wala hawawekei jiwe. Yale maua hayakujiotea. Dada yake ndiye aliyeyapanda, siku mbili baada ya maziko, kwa sababu mtoto alikuwa akipenda kuyanyonya. Alisema asikae pale bila kitu kitamu. Ilibaki siku ya kuganduka, siku ambayo kwao wafiwa wanakutana kuondoa matanga, kila mtu anaruhusiwa kurudi kwenye jembe lake na maisha yake. Malori yakaja kabla. Verediana alipakiwa juu pamoja na vyungu, akiwa bado mfiwa, na hakuna aliyemwambia imekwisha.

Nilimuuliza kwa nini hawakuniambia mwanangu amezikwa wapi. Nilipandisha sauti, nakiri.

"Hukuuliza," Melkiadi akasema.

Nilirudi kwa Uwimana na lori la kwanza nililolipata. Nilipomwambia, alifanya ishara ya msalaba, kisha akakaa chini kwenye jamvi na aproni yake safi. Hakunigombeza, na heri angenigombeza.

"Mama huyu hajapona," akasema. "Amepata mutu wa kukaa naye."

Akaniambia nikayamwage yale maji mbali na nyumba, nimpeleke mke wangu kwenye kaburi, ndugu zake wamalize kazi waliyoiacha. Kila tone linamwita yule mtoto aje. Ipo siku mtoto atachoka kuja, akaniambia, na hapo mama ndiye atakayeanza kwenda.

Melkiadi akachukua kazi ya kuomba ruhusa kwa viongozi wa kijiji, maana kurudi kwenye mahame kulikatazwa. Yangu ilikuwa kumwaga maji.

Sikuyamwaga.

Msiniulize kwa nini. Nilifika nayo mpaka mferejini, nikafungua kizibo, mkono ukakataa. Nikaificha ile chupa shelfuni, ndani ya kopo la chaki. Nikatafuta chupa nyingine inayofanana nayo, nikatia maji na asali, nikaiweka mahali pale pale. Nikajiona mjanja.

Jioni Verediana akajidondoshea ulimini. Akaonja. Akaniangalia, akaiweka chupa mahali pake.

Asubuhi nikamkuta amelala kageukia ukutani.

Hakuamka kufagia. Hakula mchana wala jioni. Siku iliyofuata nilimpelekea uji akafumba mdomo kama zamani, na macho yamerudi kule kule mlangoni. Na nyumba ikawa kimya, kimya cha kupiga masikio. Lile kopo halikuburutwa tena. Mungu anisamehe, nilijikuta nimesimama jikoni saa saba mchana, nalisikiliza.

Odilia akaita watu wamsaidie kumwogesha. Habari zikafika kwa daktari kabla sijazipeleka. Akaleta ujumbe kwamba gari la hospitali linakwenda Dodoma Jumatatu, na nafasi moja ipo.

Ilikuwa Jumamosi.

Nikafunga mlango. Nikavua viatu, nikakaa sakafuni karibu na kitanda, nikamwambia mgongo wake kila kitu. Nikasema maua niliyachuma Titye. Nikasema niliyachuma juu ya mtoto, kwa mikono hii, na kwa mikono hii nikakunywesha. Nikasema sikujua. Nikasema nilipojua nikakuibia, yale ya juzi yalikuwa asali na maji tu. Nikamwambia kuhusu gari la Jumatatu. Nikaomba msamaha mpaka maneno yakaniishia, kwa Kiswahili na kile Kiha changu kibovu.

Nilitegemea apige kelele. Nilitegemea hata anipige, na nilikuwa tayari.

Akageuka. Akaamka akakaa kitako, akajifunga kanga vizuri kifuani.

"Nilijua siku ya kwanza," akasema.

Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ile ile ya chumvi.

Nikamuuliza alijuaje. Akasema baiskeli ilikuwa na udongo wa kwao kwenye magurudumu, na mtu aliyelelewa kwenye udongo ule haukosei. Na mimi mwenyewe nilikuwa nimeingia na harufu ya yale maua mikononi. Alipodondoshewa tone la kwanza alidhani nimeyaleta makusudi. Alidhani mume wake amekwenda hatimaye kumtazama mtoto, amepiga magoti pale, na kwa kuwa hana maneno ya kumwambia mkewe, amemletea hayo maua. Ndiyo maana aliinuka akafagia. Hakuinuka kwa sababu ya mtoto. Aliinuka kwa ajili yangu.

"Nikangoja uniambie ulimkutaje," akasema. "Nikakusikia unamsimulia Melkiadi mlima na baiskeli."

Nikainamisha kichwa.

Akaniambia nilete ile chupa ya kweli. Sikujifanya kwamba nimeimwaga. Nikaitoa kwenye kopo la chaki, imejaa vumbi jeupe, nikampa. Nilidhani atainywa yote mbele yangu nami sitakuwa na haki ya kumzuia. Akachukua kikombe cha bati, akayakung'utia humo maji yote mpaka tone la mwisho. Kisha akaninyooshea mimi.

"Kunywa."

Nikamwambia mimi si mgonjwa.

"Mimi nilimwosha," akasema. "Nilimfunga kitenge changu. Nilimwona akishushwa, nikapanda maua kichwani kwake. Kilichobaki kwangu ni kuganduka tu, na Melkiadi ameshakwenda kuomba ruhusa, nilimsikia kupitia ukuta. Jumatatu mkitaka kunipeleka Dodoma mtanipeleka. Lakini mwenye kukwama humu ndani si mimi."

Nikasema nilimsomea hitima. Nikasema nilipotoka Tabora nilikusanya Waislamu wote wa Kibondo, tukasoma, tukala pilau.

"Mlimsomea nani?" akaniuliza. "Tangu nimeletwa kwenye nyumba hii hujalitaja jina lake hata mara moja. Unasema mtoto. Mtoto, mtoto. Kila nyumba ina mtoto."

Nikataka kumwambia si kweli.

Ndugu wasomaji, wiki zote hizi mmekuwa nami. Nimewapa jina la mke wangu, la shemeji yangu, la jirani wa kuomba moto, mpaka la yule mbwa wa Tabora aliyeniuma. Rudini kwenye magazeti yenu ya nyuma, kama bado hamjafungia vitumbua, mlitafute jina la binti yangu. Hamtaliona.

"Litaje," Verediana akasema, "halafu unywe. Ukishalitaja nitakwenda nawe Titye, nitaganduka, na nitarudi nawe hapa niwe mke wako. Usipolitaja, nenda kamwambie daktari nafasi ile ni yangu."

Nikakipokea kikombe. Kilikuwa chepesi. Yale maji yalinuka asali na jua.

Nikafumbua mdomo. Jina ni mimi niliyelichagua, nililitoa kwetu, nilimwadhinia sikioni nikalitamka mwenyewe asubuhi aliyozaliwa. Sasa lilikaa kooni, halipandi, halishuki.

Mke wangu akakunja mikono mapajani, akanitazama.

"Nakusikiliza," akasema.